Nani Alistahili Kumpasua Mnyama: Historia ya Tabibu wa Wanyama Usa River na Viunga vya Mlima Meru

Historia ya tiba ya wanyama katika viunga vya Mlima Meru imezoea kuandikwa kama historia ya chanjo, majosho na karantini, na ni nadra kuandikwa kama historia ya upasuaji, ingawa swali la nani aaminiwe kumlaza mnyama na kumpasua ni la zamani kuliko sindano yoyote iliyowahi kufika katika nchi hiyo. Usa River, mji ulio takriban kilomita 20 mashariki ya Arusha kando ya barabara iendayo Moshi, ni mahali pazuri pa kulitazamia swali hilo, kwa sababu katika eneo lisilo kubwa wamekutana wafugaji Wameru na majirani zao Waarusha, walowezi wa Kizungu, maofisa wa serikali tatu zilizofuatana, wataalamu wa uzazi wa ng'ombe na madaktari wa wanyamapori. Kila kundi lilikuja na jibu lake, na ni kwa kuyafuata majibu hayo kwa mpangilio wa nyakati ndipo inapoeleweka kwa nini hadi leo mwenye mnyama hawezi kuikwepa kazi ya kuuliza kabla ya kumkabidhi mnyama wake kwa mtu.

Kabla ya ukoloni, Wameru waliokaa upande wa kusini-mashariki wa mlima walifuga ng'ombe wachache nyumbani, ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka makazi ya ukoo, na wengine wakawapeleka malishoni katika nyanda kavu zaidi za kaskazini; Waarusha, wasemao Kimaa kama Wamaasai, walikaa upande wa kusini-magharibi na kubaki na uhusiano wa karibu na wafugaji wa mbugani. Katika jamii zote hizo palikuwa na watu waliojua kuhasi, yaani kumwondolea dume uwezo wa kuzalisha ili awe maksai, kumgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni, kutoa kondo la nyuma lililokwama, na kutoboa mshipa wa shingo kwa mshale ambao ncha yake ilifungwa ili isipenye kupita kiasi. Wamaasai walimtambua pia mnyama mwenye ormilo, ugonjwa unaomfanya azunguke mahali pamoja kwa kuharibika ubongo, na walijua kwamba ugonjwa huo hauponi kwa dawa ya kunywa. Ujuzi huo haukuwa na cheti, lakini ulikuwa na kipimo, kwani aliyehasi mafahali wa jirani alijulikana kwa majina ya mafahali waliopona na waliokufa, na kazi yake ilifanyika mbele ya macho ya watu ambao wangemwita tena au wasimwite.

Kipimo hicho cha ushahidi wa majirani kilivunjwa nguvu na majanga ambayo hakuna mkono wa fundi ulioyaweza. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ya ng'ombe iliwapunguza wanyama wa nyanda za Wamaasai, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaingia sotoka, ugonjwa wa virusi unaomharisha mnyama hadi kufa, ambao uliteketeza sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuleta njaa katika jamii zilizowategemea. Kabla nchi haijapata nafuu, mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru, na majeshi ya Wajerumani yaliyotumwa kulipiza kisasi kutoka upande wa Kilimanjaro yaliteka mifugo na kuharibu vihamba. Hivyo mamlaka mapya yaliyojenga boma la Arusha kuanzia mwaka 1899 yaliwakuta watu ambao mifugo yao ilikuwa imekwisha kwa maradhi na kwa vita, na yalipoanza kuzungumza habari za tiba ya wanyama yalizungumza kwa sauti ya mshindi.

Tabibu wa wanyama aliyekuja na Wajerumani alitoka katika taaluma ambayo kwao nayo haikuwa ya siku nyingi. Chuo cha kwanza cha tiba ya wanyama Ulaya kiliasisiwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761 na Claude Bourgelat, na sababu kubwa ya kukianzisha ilikuwa tauni ya ng'ombe, yaani sotoka hiyohiyo. Uingereza ilikipa chama cha madaktari wa wanyama hati ya kifalme mwaka 1844, ikapitisha mwaka 1881 sheria ya kumkataza asiyesajiliwa kujiita daktari wa wanyama, lakini haikumzuia mtu wa kawaida kufanya kazi yenyewe mpaka sheria nyingine ya mwaka 1948. Taaluma hiyo, kwa hiyo, ilizaliwa kutokana na hofu ya tauni inayoangamiza kundi zima, na mgonjwa mmoja aliyehitaji kupasuliwa alikuja baadaye. Tabia hiyo ya kuzaliwa ilihamia Afrika pamoja nayo. Robert Koch, mwanasayansi wa vijidudu, alifanya utafiti wa magonjwa ya mifugo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mnamo 1897 na 1898, na mwaka 1905 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa mifugo Mpwapwa, mamia ya kilomita kutoka Meru. Vyote viwili vilishughulika na damu, kupe na vimelea.

Walowezi waliopewa ardhi kuzunguka mlima hawakuwa na daktari wa kumwita kila walipomhitaji. Makaburu walianza kufika baada ya vita vyao na Waingereza Afrika Kusini, Wajerumani waliotoka Urusi waliwekwa Leganga karibu na mto Usa, na Margarete Trappe akajenga shamba lake la mifugo na farasi Momella, upande wa mashariki wa mlima. Farasi aliyejeruhiwa kwa seng'enge, au ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, alihudumiwa na mwenye shamba mwenyewe pamoja na wachungaji wake Waafrika, na katika mashamba hayo ujuzi wa zizi la Kiafrika uliendelea kutumika bila kutajwa katika ripoti yoyote. Ubaguzi wa kikoloni ulihesabu ujuzi wa wachungaji kuwa nguvu ya mikono tu, ingawa mikono hiyohiyo ndiyo iliyookoa wanyama wa bwana shamba.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliunda idara ya mifugo iliyoifanya Mpwapwa kuwa makao yake, na kwa miongo mitatu kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mienendo ya mifugo, kuhesabu, kuchoma mizoga na kuchanja. Chanjo ya sotoka iliyotengenezwa Kabete, Kenya, kwa kukipunguza nguvu kirusi kwa njia ya kukipitisha katika miili ya mbuzi, ilibebwa hadi vijijini na wasaidizi Waafrika waliofundishwa kwa muda mfupi, na ni hao ambao mfugaji wa Meru aliwajua kama watu wa mifugo wa serikali. Upasuaji pekee ambao idara iliueneza kwa bidii ulikuwa kuhasi kwa burdizo, koleo kubwa la chuma lililopata jina kutokana na Mtaliano aliyelibuni. Mhasi humshika dume kwa nyuma, husogeza mshipa wa mbegu ukingoni mwa mfuko wa korodani, hufunga koleo juu yake kwa sekunde kadhaa hadi mshipa usagike ndani huku ngozi ikibaki nzima, kisha hurudia upande wa pili, akihakikisha kwamba alama mbili za koleo hazikutani katika mstari mmoja, maana zikikutana ngozi yote ya chini hukosa damu na kuoza. Kwa kuwa burdizo halikutoa damu, halikuvutia nzi wala kuacha kidonda wazi, lilipokewa mapema kuliko mambo mengi ya serikali, na hadi leo limo katika maduka ya dawa za mifugo.

Lakini imani haijengwi kwa koleo peke yake. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili ardhi hiyo igawiwe Wazungu kwa ufugaji wa ng'ombe, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Tukio hilo hukumbukwa kwa haki kama hatua ya mapambano ya uhuru, ila lina maana pia katika historia ya tiba ya wanyama, kwa sababu maendeleo ya mifugo ndiyo yaliyotolewa kama hoja ya kuwanyang'anya watu malisho. Mfugaji aliyeona zizi lake likichomwa kwa jina la ufugaji bora alikuwa na sababu ya kumtazama kila aliyevaa sare ya idara hiyo kwa jicho la wasiwasi.

Uhuru ulibadilisha sura ya daktari kabla ya kubadilisha idadi ya madaktari. Mtanganyika aliyetaka kusomea tiba ya wanyama alilazimika kwenda nje ya nchi, kwanza Makerere, na kuanzia mwaka 1962 Kabete, Nairobi, au vyuo vya ng'ambo, mpaka mafunzo ya shahada yalipoanza Morogoro mwaka 1976 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 sehemu hiyo ikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chini ya ngazi hiyo walifundishwa wataalamu wa cheti na stashahada, wale ambao wananchi huwaita bwana mifugo na bibi mifugo, na chuo kimoja kati ya vyuo vyao kipo Tengeru, mwendo mfupi tu kutoka Usa River, ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo. Kwa sababu hiyo wafugaji wa Meru walipata mapema kuliko wengi nchini mtaalamu wa kuwafikia nyumbani, ingawa mtaalamu huyo kwa kawaida alikuwa amefundishwa kuchanja, kuhasi na kutibu maradhi ya kawaida, si kufungua tumbo la mnyama.

Haja ya kufungua tumbo ilikua pamoja na ng'ombe wa maziwa. Ardhi ya Meru ilipobana, kaya nyingi ziliacha kundi la malishoni zikabaki na ng'ombe mmoja au wawili wa kukatiwa majani bandani, na Usa River penyewe palijengwa Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, mahali ambapo mbegu za madume bora huvunwa, hugandishwa katika hewa ya naitrojeni iliyofanywa kimiminika, na kusambazwa nchi nzima. Uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mrija badala ya dume, uliinua maziwa na kipato cha kaya, lakini mbegu ya dume wa mbari kubwa ikiwekwa kwa mtamba mdogo huweza kuleta ndama asiyepita nyongani. Hapo panahitajika upasuaji wa uzazi, ambao kwa ng'ombe hufanyika akiwa amesimama, ubavu wa kushoto ukinyolewa, kuoshwa na kutiwa ganzi, ili daktari apasue ngozi na tabaka za misuli, alisukume tumbo kubwa la kwanza pembeni, amtoe ndama, kisha ashone kifuko cha uzazi na kila tabaka kwa zamu yake. Mji uliozalisha mbegu ukazalisha kwa njia hiyo mahitaji ya mpasuaji, na ng'ombe mmoja aliyebeba ada ya shule ya watoto hakuweza tena kuhesabiwa kama tone katika kundi.

Sababu ya pili ya upasuaji ililetwa na mji. Ng'ombe anayelishwa majani yaliyokatwa kandokando ya barabara na mabaki ya sokoni humeza nyaya, misumari na mifuko ya plastiki, kwa kuwa hana desturi ya kuchambua chakula kwa midomo kama mbuzi. Waya huweza kutoboa tumbo la pili hadi kufikia utando wa moyo, na plastiki hujisokota tumboni hadi mnyama akonde huku tumbo limejaa. Tiba yake ni kufungua tumbo la kwanza na kuitoa takataka kwa mkono, kazi ambayo mwenye elimu huimaliza salama na asiye na elimu huigeuza kuwa sumu ya damu ndani ya siku chache.

Mahitaji hayo yalikua wakati uleule serikali ilipokuwa ikipunguza huduma zake. Katika miaka ya 1990, mageuzi ya uchumi yalipoondoa dawa na majosho ya bure, maduka ya pembejeo za mifugo yalifunguliwa katika kila mji, na mtu aliyeuza dawa alianza kuitwa daktari na wateja wake, sawa na bwana mifugo mstaafu, mwanafunzi aliyeko mazoezini na kijana aliyejifunza kudunga sindano kwa kutazama. Hatari ya kulegeza uangalizi ilionekana mwaka 1997, pale sotoka iliporudi kaskazini mwa Tanzania na kulazimu kampeni mpya ya chanjo, ambayo ilisaidia safari iliyoishia mwaka 2011 kwa tangazo kwamba ugonjwa huo umetoweka duniani. Ushindi huo ulikuwa mkubwa mno, lakini haukumsaidia mwenye ng'ombe mmoja kujua ni yupi kati ya wote walioitwa daktari aliyefundishwa kupasua.

Jibu la kisheria lilitolewa na Sheria ya Veterinari Namba 16 ya mwaka 2003, iliyoifuta sheria ya kikoloni ya madaktari wa mifugo na kuunda Baraza la Veterinari Tanzania. Sheria hiyo inatofautisha daktari wa wanyama, mwenye shahada na jina lililosajiliwa katika daftari la Baraza, na wataalamu wasaidizi, ambao wanaorodheshwa kwa kiwango chao cha mafunzo na kupaswa kufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Mwaka 2008 ikafuata Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyoyafanya maumivu yasiyo ya lazima ya mnyama kuwa suala la kisheria. Sasa mkazi wa Usa River alikuwa na haki ya kuuliza swali lenye jibu la maandishi: je, jina la mtu huyu limo katika daftari?

Daftari, hata hivyo, linathibitisha elimu ya jumla, halithibitishi uzoefu wa kila aina ya mnyama, na hapo ndipo historia ya taaluma iliyolelewa na ng'ombe inapoonekana wazi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mbwa aliingia katika kumbukumbu za serikali kama mbebaji wa kichaa cha mbwa, na jibu la kawaida lilikuwa risasi. Baadaye ndipo chanjo na kuhasi vilipochukua nafasi. Upasuaji wa mbwa na paka uliokua Arusha na viunga vyake ni wa juzi ukilinganishwa na ule wa ng'ombe, na unategemea nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mnyama asihisi kabisa, hasa ketamini na zailazini, ambazo zote mbili zilibuniwa mwaka 1962. Kumfunga uzazi mbwa jike ni kazi ya kupasua mstari wa katikati ya tumbo, kufunga kwa uzi mishipa ya kila ovari na ya kifuko cha uzazi kabla ya kukata, na kukagua kwamba hakuna tone linalovuja kabla ya kushona, kwa sababu fundo moja lililolegea humwua mbwa usiku huohuo kwa damu isiyoonekana nje.

Kuhusu wanyamapori, eneo la Meru lilikuwa na bahati yake. Hifadhi ya Bonde la Ngurdoto ilianzishwa mwaka 1960 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha mwaka 1967, na jiji la Arusha likawa makao ya mashirika ya hifadhi na ya utafiti wa wanyamapori yenye madaktari wake. Toni Harthoorn, aliyefundisha Makerere na kisha Nairobi, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kuwalaza wanyama wakubwa kwa mishale ya dawa, na kutokana na kazi ya aina hiyo madaktari wa hifadhi wameweza kumwondolea tembo au twiga kitanzi cha waya bila kumwua. Wao ndio waliowafundisha wenzao kwa vitendo kwamba kipimo cha dawa kinachomtosha mnyama mmoja kinaweza kumwangamiza mwingine. Ng'ombe wa nyumbani huhitaji takriban sehemu moja ya kumi tu ya zailazini anayopewa farasi, na anayesahau tofauti hiyo hana nafasi ya kuikumbuka baada ya sindano.

Mfano ulio ukingoni kabisa ni wa fereti, mnyama mdogo mrefu wa mwili, jamaa wa kicheche na nyegere, aliyefugwa Ulaya tangu zamani kwa kuwinda sungura na ambaye siku hizi hufugwa nyumbani katika nchi nyingi, ingawa hana asili Afrika Mashariki. Fereti jike asiyefungwa uzazi na asiyepandishwa hubaki katika joto kwa muda mrefu, na homoni zake mwenyewe huharibu uboho wa mifupa hadi afe kwa upungufu wa damu, kwa hiyo upasuaji kwake ni kinga ya uhai. Mbwa hufungishwa chakula usiku kucha kabla ya nusukaputi, ilhali fereti, ambaye chakula hupita haraka tumboni mwake na sukari yake hushuka upesi, hufungishwa kwa saa chache tu. Sungura, asiyeweza kutapika, hapaswi kunyimwa chakula kwa kawaida. Katika nchi ambako fereti ni wengi, wafugaji wake wamejifunza kumwuliza daktari amewapasua fereti wangapi, anatumia nusukaputi gani, nani humwangalia mgonjwa wakati wa kuzinduka, na afanye nini damu ikivuja usiku. Maswali hayo yanamfaa vilevile mwenye mtamba wa Leganga, mwenye mbwa wa Magadirisho na mwenye paka wa Tengeru.

Historia hii inaonyesha kwamba kila enzi ilishika nusu ya jibu. Zama za kihamba zilipima kwa matokeo yaliyoonekana lakini hazikuwa na ganzi wala usafi wa kuua vijidudu. Zama za ukoloni zilileta elimu lakini ziliiweka mikononi mwa mamlaka isiyoulizwa. Na sheria ya mwaka 2003 imeleta daftari ambalo halina thamani yoyote kama hakuna anayelifungua. Mfugaji wa leo anapaswa kuziunganisha nusu hizo: athibitishe kwanza kwamba mpasuaji amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kisha aulize, kama wazee wa Meru walivyouliza, ni wanyama wangapi wa aina hiyo waliopita mikononi mwake na wakapona. Daktari mwenye sifa hatachukizwa na maswali hayo, na anayechukizwa nayo asikabidhiwe mnyama.